Kujijengea upinde wa shabaha wa mita 70, kipande kwa kipande

Simama kwenye mstari wa goli la uwanja wa mpira, tembea mpaka katikati ya uwanja, alafu ongeza hatua ishirini hivi. Hiyo ndo mita 70. Pale mwisho kuna karatasi ya duara yenye upana wa sentimita 122, na katikati yake kuna kaduara ka pointi 10 kenye upana wa sentimita 12.2, ni kadogo kuliko kisosi cha chai. Ukiwa mstarini na macho yako makavu unaona rangi ya njano tu, mstari wa kumi huuoni. Na hapo ndo watu wanapiga mishale 72 mfululizo, jumla ya pointi 720, na Brady Ellison wa Marekani aliwahi kupata 702 kule Lima mwaka 2019.

Huu mwongozo ni wa mtu anaetaka kujiundia upinde wake mwenyewe wa kufika umbali huo, ile aina ya Olimpiki inayoitwa recurve, sio ile yenye magurudumu. Nimeandika kwasababu kila wiki naulizwa swali lilelile, "kaka ninunue upinde gani?", na jibu langu halibadiliki: upinde haununuliwi mzima, unajengwa juu ya mwili wako. Mabao ya upinde, urefu wa upote (kamba yake), ugumu wa mshale, vyote vinafuata mikono yako na mabega yako. Hata Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi mtu anajichongea upinde wa mkono wake, anasuka upote wa mishipa ya mnyama, na mishale anaivisha manyoya ya ndege yeye mwenyewe. Vifaa vyetu ni vya alumini na kaboni ila kazi ni ileile.

Na kabla sijaendelea, sheria. Uliza kwanza mamlaka za nchi yako kuhusu kuingiza na kumiliki vifaa hivi, na jiunge na klabu au chama cha mchezo huu kama kipo karibu. Usianze peke yako nyuma ya nyumba. Mshale wa upinde wa kawaida tu ukirushwa juu unaweza kwenda zaidi ya mita 150, na haujui kama mbele kuna mtoto anachunga mbuzi.

Majina kwanza tusipotezane

Kipande cha kati unachoshika kwa mkono tutakiita raiza. Mabao mawili yanayopinda, la juu na la chini, ni limbu. Kamba ni upote, Kiswahili chetu kizuri kabisa hiki sijui kwanini watu wamekiacha. Kile kiplastiki cha nyuma ya mshale kinachobana kwenye upote ni noki. Saiti ni ya kulengea, resti ni kawaya kadogo ambako mshale unakaa, na plunja ni kijiti chenye springi kinachotokeza kwenye raiza na kuusukuma mshale kwa ubavu. Stabilaiza ni zile fimbo ndefu zinazotokea mbele. Klika nitaieleza ikifika zamu yake. Na podo la mishale ni podo.

Pima mwili wako

Simama ukiegemea ukuta, nyoosha mikono yote kama ndege, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja mpaka ncha ya mwingine. Gawanya kwa 2.5. Mimi nina sentimita 178, nikigawanya napata 71.2, ambayo ni inchi 28. Huo ndo mvuto wako wa kuanzia, yaani urefu unaouvuta upote, na sisemi ni wa mwisho kwasababu mtu akishajifunza kusimama vizuri na kufungua mgongo mvuto unaongezeka hata inchi nzima. Vipimo vingi vya huu mchezo viko kwa inchi na pauni, zoea tu.

Kwa mvuto huo unapata urefu wa upinde. Mvuto wa inchi 26 kushuka, upinde wa 66 unatosha. Kuanzia 27 mpaka 29 chukua 68. Ukizidi hapo chukua 70. Mtu mrefu akichukua upinde mfupi upote unamkunjika mkali kwenye vidole na vidole vinabanwa, mtu mfupi akichukua mrefu limbu hazifanyi kazi yake yote na mshale unatoka mvivu.

Jambo lingine ambalo wengi hawalipimi ni jicho. Nyoosha mikono mbele, tengeneza katundu kwa viganja viwili, angalia saa ya ukutani kupitia hako katundu kwa macho yote mawili, alafu vuta mikono taratibu mpaka usoni bila kuipoteza saa. Katundu kataishia kwenye jicho moja, hilo ndo jicho lako kubwa, yaani linaloongoza kulenga. Likiwa la kulia, nunua upinde wa mkono wa kulia, hata kama unaandika kwa kushoto. Kuna jamaa alipiga mwaka mzima na upinde wa upande usio wake na mishale yote inaenda pembeni akidhani saiti imeharibika.

Raiza na limbu

Raiza ya kawaida ni ya inchi 25. Ukiifunga limbu fupi unapata upinde wa 66, za kati 68, ndefu 70. Hesabu ni hiyo tu. Kitu cha kuangalia ni mfumo wa kufungia limbu, tafuta ile ya mfumo wa ILF kwasababu limbu za kampuni moja zinakaa kwenye raiza ya kampuni nyingine, kwahiyo leo unanunua limbu za bei ndogo, mwakani unabadilisha limbu tu na raiza inabaki. Hapa ndo faida ya kujenga. Raiza ya alumini ya kawaida iliyonyooka inakutosha miaka mitano, sioni sababu ya mwanafunzi kuanza na raiza ya kaboni ya bei ya pikipiki.

Sasa limbu, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Pauni zilizoandikwa kwenye limbu, yaani nguvu ya kuuvuta upinde, zinapimwa kwa mvuto wa inchi 28 kwenye raiza ya 25. Kila inchi moja ukizidisha au kupunguza, zinapanda au kushuka kama pauni 2. Limbu zimeandikwa 30, mvuto wako ni 26, basi mkononi una 26 hivi. Mvuto wako ni 29 na nusu, una 33. Wengi wanaagiza bila kufanya hii hesabu.

Mimi seti yangu ya kwanza niliuziwa limbu za pauni 40. Muuzaji aliniangalia kifua akasema wewe mwanaume mkubwa hizi ndo zako, na nikaamini. Nilikuwa naweza kuuvuta ndio, ila kuuvuta na kuushikilia ni vitu viwili tofauti. Kila mshale bega la kushoto linapanda juu karibu na sikio, mkono wa kulia unatetemeka, naachia haraka haraka ili mateso yaishe. Wiki ya sita nikaamka siwezi kunyanyua ndoo ya maji. Miezi minne sikugusa upinde, na niliporudi nilirudi na pauni 24, nikajifunza upya kila kitu, na ile tabia ya kuachia haraka ilinichukua mwaka mzima kuitoa.

Kwahiyo mwanaume mzima aanze na 22 mpaka 26, mwanamke 18 mpaka 22, na hizi ziwe za mkononi sio za kwenye karatasi. Kipimo changu ni hiki: vuta mpaka kidevuni, kaa sekunde 10 bila kutetemeka, pumzika, rudia mara tano. Ukishindwa ya nne au ya tano, limbu hizo ni nzito kwako. Ukiweza kwa raha kwa mwezi mzima, panda pauni 2 au 4, usiruke 10. Kufika mita 70 vizuri kwa mishale myembamba ya kaboni utahitaji kama 34 kwenda juu, na wanaume wa ngazi ya dunia wanavuta karibu 50, ila wao wanapiga mishale mamia kwa siku, hiyo ni kazi yao.

Kufunga na kunyoosha

Limbu zimefika, raiza ipo. Ingiza limbu kwenye mifuko yake mpaka usikie inakaa, ile yenye maandishi ya pauni kwa kawaida ndo ya chini. Upote nunua unaoendana na urefu wa upinde, upote wenyewe ukinyooshwa unakuwa mfupi kama inchi 3 kuliko upinde, kwahiyo upinde wa 68 upote wake unakaribia inchi 65. Nyuzi 16 mpaka 18 za kisasa zisizovutika kirahisi zinafaa. Ila kama limbu zako ni za mbao za zamani ncha zake hazijaimarishwa, tumia dakroni, ile aina ya nyuzi zinazovutika, nyuzi ngumu zitazipasua.

Kupachika upote tumia kamba maalumu ya kupachikia, ile unayoikanyaga chini alafu unanyanyua raiza. Usipitishe mguu katikati ya upinde ukaukunja kwenye paja kama unavyoona watu wanafanya. Limbu zinapinda ubavu na zikishapinda hazirudi.

Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote, kunyoosha. Mimi naifanya asubuhi dirishani ambako mwanga unaingia wa ubavu. Lalisha upinde juu ya migongo ya viti viwili, upote ukiwa juu, simama kwenye ncha moja, funga jicho, uangalie upote unavyopita juu ya raiza. Unatakiwa ukate katikati ya limbu ya juu, upite katikati ya skrubu zote mbili za limbu, ukate katikati ya limbu ya chini. Bandika vipande vya utepe wa karatasi kwenye limbu zote mbili, chora mstari wa katikati kwa kalamu na rula, vinginevyo jicho linakudanganya. Kama upote umelalia kushoto kwa juu, limbu ya juu inasukumwa kwa zile washa ndogo zilizopo kwenye mfuko wake au kwa skrubu ya pembeni, kutegemea raiza yako. Sogeza kidogo, toa upote, pachika tena, angalia tena. Mara ya kwanza itakuchukua nusu siku. Fimbo ndefu ya stabilaiza ukiifunga mbele nayo iwe kwenye mstari huohuo, ikienda pembeni wakati limbu zimenyooka ujue raiza yenyewe ina kasoro, irudishe dukani mapema.

Baada ya hapo kuna tila, yaani tofauti ya nafasi kati ya upote na limbu kwa juu na kwa chini. Pima kutoka upote mpaka pale limbu ya juu inapotoka kwenye raiza, alafu pima hivyohivyo kwa chini. Kwasababu unashika upote kwa kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, juu huwa panaachwa pawe na nafasi zaidi, anza na milimita 3 mpaka 6 zaidi. Ni zile skrubu kubwa za limbu zinazobadilisha hilo. Ukitaka kuongeza au kupunguza pauni zungusha zote mbili sawasawa, tila isibadilike. Usifungue kupita kiasi alichoandika mtengenezaji, limbu inaweza kuchomoka ukiwa umevuta na hiyo hutaki kuiona.

Mwisho wa hatua hii ni kimo cha upote, yaani umbali kati ya upote na sehemu ya ndani ya raiza pale plunja inapopita. Upinde wa 66 anza na sentimita 21.3 mpaka 21.9, wa 68 anza na 21.6 mpaka 22.2, wa 70 anza na 21.9 mpaka 22.5. Ukisokota upote zaidi unafupika na kimo kinapanda, ukisokotoa kinashuka. Piga mishale, ongeza misokoto minne minne, na usikilize. Kuna sehemu mlio unatulia, ule mtikisiko wa mkononi unapotea na upinde unasema "tup" badala ya "twaang". Hapo hapo andika namba.

Mishale, weka hela hapa

Kama una hela ya kutosha kitu kimoja tu kizuri, kiwe mishale. Upinde wa kawaida wenye mishale inayofanana na inayokufaa unashinda upinde wa ghali wenye mishale ya kuokoteza, na hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mshale ukitoka hauendi umenyooka. Vidole vinapouachia upote, nyuma panasukumwa pembeni, mshale unapinda kama samaki anaeogelea, unaizunguka raiza, unapinda upande wa pili, na unaendelea kutulia polepole njiani. Ukiwa laini sana au mgumu sana kwa upinde wako unagonga raiza au unatoka kwa mkao mbaya. Ugumu huo unaitwa spaini, na namba yake inatoka hivi: mshale unashikwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, unaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, na unapimwa umeshuka kiasi gani. Ukishuka nusu inchi, ni 500. Kwahiyo namba kubwa ni mshale laini, namba ndogo ni mgumu. Mtu wa pauni 38 na mshale wa inchi 29 ataanzia kwenye 600 au 550, mtu wa pauni 24 anahitaji laini zaidi ya hapo sana. Kila mtengenezaji ana jedwali lake, lifuate, na uingize pauni za mkononi ulizozipima kwa mizani.

Mwanzoni nunua ya alumini au kaboni ya bei ndogo, na uiache ndefu kama inchi 2 zaidi. Sababu ni mbili, mvuto wako utakua, na mshale mfupi ukivutwa ukadondoka ndani ya resti unaweza kukutoboa mkono. Mita 70 ikishakuwa karibu ndo unaenda kwenye kaboni nyembamba. Wembamba ni kwa ajili ya upepo, unashika upepo kidogo. Ile Easton X10 ambayo utaiona mikononi mwa wengi Olimpiki ni nene kidogo katikati na nyembamba nchani, ni mishale mizuri ila bei yake ni ya kulia. Kanuni za mchezo zinaruhusu mshale wa kipenyo kisichozidi milimita 9.3, kwahiyo ile minene ya ndani ya ukumbi inaruhusiwa lakini nje upepo utaichezea.

Kukata kaboni kunatakiwa msumeno wa diski ya kusaga, ile ya kukatia mabomba inaipasua nyuzi. Vaa barakoa, vumbi la kaboni sio la kuvuta kabisa, na futa mahali kwa kitambaa chenye maji baada ya kumaliza. Ncha za chuma tunazibandika kwa gundi ya moto. Hapa kuna kosa linaloua mishale mingi: mtu anapasha moto mshale. Usipashe mshale. Shika ncha kwa koleo, ipashe yenyewe juu ya moto mdogo, isugulie kwenye kipande cha gundi mpaka gundi iyeyuke kama asali, ingiza ukizungusha, futa inayobaki, weka ncha chini kwenye kikombe cha maji. Kaboni ikipata moto gundi yake ya ndani inalegea na mshale umekufa hata kama unaonekana mzima.

Uzito wa ncha unataka mbele pawe pazito kidogo. Tafuta pale mshale unapobalansi kwenye kidole, pima umbali kutoka katikati ya urefu wake mpaka hapo, gawanya kwa urefu wote. Kwa mita 70 iwe kati ya asilimia 11 na 16.

Manyoya bandika matatu, nafasi sawa kwa kutumia kifaa cha kubandikia. Safisha mshale kwa spiriti kwanza na usiguse tena kwa vidole, jasho la Dar hili linafanya manyoya yabanduke siku ya mashindano. Andika namba kwenye kila mshale, 1 mpaka 12. Baada ya wiki chache utagundua mshale namba 7 kila siku unaenda pembeni sehemu ileile, uchunguze noki yake, ukikataa toa kwenye podo.

Resti, plunja na fundo

Resti ibandikwe mshale ukiulalia ugusane na katikati kabisa ya kichwa cha plunja. Ukiangalia kutoka juu, kawaya ka resti kasitokeze nje ya mshale, kakitokeza manyoya yatakagusa. Alafu simama nyuma, panga upote ukate katikati ya limbu zote, angalia ncha ya mshale. Kwa mtu wa kulia ncha ionekane imetoka kidogo tu kushoto mwa upote. Plunja inaingizwa au kutolewa mpaka ipate hapo, springi yake iwe ya katikati.

Kwenye upote unafunga fundo mbili za uzi, noki inakaa katikati yake. Tumia ile rula ya umbo la T inayobana kwenye upote na kulala kwenye resti, fundo la juu likae kama milimita 12 juu ya mstari wa mraba, ule wa nyuzi 90 kutoka kwenye resti. Usilikaze gundi bado, litahama.

Noki yenyewe ibane upote kiasi kwamba ukining'iniza mshale kwenye upote usidondoke, ila ukigonga upote kwa kidole uachie. Ikibana zaidi ya hapo mishale yako itaachia kila mmoja kwa wakati wake.

Kuupatanisha upinde na mshale

Chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya kabisa, yenye ncha na noki zilezile. Simama mita 18. Piga yote ukilenga sehemu moja. Manyoya yanaficha makosa, mshale uchi unasema ukweli.

Anza na juu na chini. Mishale uchi ikiwa juu ya wenzake, fundo liko chini, lipandishe. Ikiwa chini, fundo liko juu, lishushe. Sogeza nusu milimita, piga tena. Ikishalingana kwa urefu ndo unaangalia pembeni. Kwa mtu wa kulia, uchi ukienda kushoto mshale ni mgumu kwa upinde huo: legeza springi ya plunja, au ongeza pauni kidogo, au weka ncha nzito zaidi. Uchi ukienda kulia mshale ni laini: kaza plunja, punguza pauni, au ncha nyepesi. Ukiona plunja imefika mwisho na bado uchi uko mbali nusu mita, hiyo sio kazi ya plunja tena, spaini uliyochagua sio yako, na bora ukubali mapema kuliko kuhangaika miezi.

Siku unayofanya hii kazi uwe umepumzika. Ukiwa umechoka unakuwa unapatanisha upinde na uchovu wako, kesho ukiwa mzima namba zote zimebadilika.

Saiti na klika

Saiti ni rahisi kuieleza: fuata mshale. Mishale imeenda chini, shusha saiti. Imeenda kushoto, sogeza kushoto. Anza mita 10, alafu 18, 30, 50, ndo 70, na kila umbali andika namba ya saiti kwenye kadi. Ukiwa na namba za umbali tatu unaweza kukisia wa nne kwa uzuri tu. Ukishusha kwa ajili ya 70 ukakuta saiti imeshuka mpaka inakaribia njia ya mshale wenyewe, mshale utaigonga ukitoka, maana yake upinde wako bado hauna nguvu ya umbali huo au mishale ni mizito. Kaa kwenye 50 kwanza, sio aibu.

Klika ni kibati chembamba cha springi kinachokaa juu ya ncha ya mshale. Unavuta, unafika kidevuni, ncha bado iko chini ya kibati, unaendelea kufungua mgongo milimita mbili za mwisho, ncha inachomoka, kibati kinagonga raiza "tak!", na hapo unaachia. Kazi yake ni kuhakikisha kila mshale umevutwa urefu uleule, na kwenye mita 70 milimita chache za mvuto zinaonekana wazi kwenye karatasi. Ila usiifunge mpaka mkao wako utulie, mimi nasema angalau miezi mitatu. Ukiifunga mapema mwili unajifunza kuogopa ule mlio.

Stabilaiza sina mengi. Fimbo ya mbele ya inchi 28 mpaka 32, mbili fupi za pembeni, ongeza uzito kidogo kidogo mpaka saiti itulie bila bega kuuma.

Uwanjani

Pwani yetu ina upepo wenye tabia. Wakati wa kusi unavuma kwa nguvu kutoka kusini miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi ukiingia unageuka, na mchana wowote upepo wa baharini unaamka. Mimi ninajaribu vifaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi bendera ikiwa imelala, na ninafanya mazoezi ya upepo saa tisa mchana makusudi. Mshale unachukua zaidi ya sekunde moja hewani mpaka ufike, unasukumwa njia nzima, kwahiyo usihamishe saiti kwa kila pumzi ya upepo, lenga pembeni kidogo kwenye rangi nyingine na ukumbuke ulilenga wapi.

Joto nalo. Usiache upinde kwenye buti la gari, gundi za limbu zinalegea. Usiwahi kuvuta upote ukaachia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye limbu. Mishale ya kaboni ikunje kidogo karibu na sikio kabla ya kila zamu, ukisikia ina mlio wa kupasuka ivunje vipande viwili kabisa ili mtu asiiokote. Na filimbi: mbili ni kuingia mstarini, moja ni kupiga, tatu ni kwenda kuchukua mishale, zikiwa tano au zaidi kila mtu anashusha upinde hapohapo bila kuuliza.

Kwa anaeona haya yote ni mbali na sisi, Shehzana Anwar wa Kenya alisimama kwenye mstari wa Olimpiki ya Rio 2016 na ndie aliebeba bendera ya nchi. Na kama unajiuliza kwanini nahangaika na nusu milimita, fainali ya wanaume Paris 2024 Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Ellison walifungana mpaka mshale mmoja wa mwisho, wote wakapiga 10, na dhahabu ikaamuliwa kwa tofauti ya milimita 4.9 kuelekea katikati.

Upote mpya unavutika kidogo siku za mwanzo. Kwahiyo piga mishale 200 hivi, pima tena kimo, ongeza misokoto kama kimeshuka, rudia mishale uchi, na ikikubali ndo udondoshe tone la gundi kwenye zile fundo mbili. Alafu chukua kadi, andika kimo, tila, urefu wa fundo, mizunguko ya plunja na namba zote za saiti, piga picha kwa simu, kadi iweke kwenye begi la upinde.